Mwalimu Clara na Moshi wa Patrisi

Mwalimu Clara alinifundisha hesabu darasa la tano. Miaka tisa baadaye nilikuwa namchanganyia udongo wa kujengea, mtoto wangu akiwa mgongoni. Ndiyo maana nayajua haya; mengine aliniambia mwenyewe, mengine niliyaona.

Baba yake, mzee Hhando, alikuwa fundi mwashi hapa Karatu, na Clara alikua akimfuata kila penye ujenzi. Akiwa na miaka kumi na minne alijenga kona ya jiko la jirani peke yake, ikasimama wima kabisa. Binamu yake Patrisi, aliyekuwa akijifunza kazi kwa mzee, akaja akaisukuma kwa mguu udongo ukiwa bado mbichi, ikaanguka. "Haya, nenda kapike," akamwambia. Watu wakacheka. Mzee naye akacheka. Alipozeeka, kazi akamrithisha Patrisi. Clara alikuwa ameshapelekwa chuo cha ualimu.

"Kicheko cha baba nilikisamehe alipokufa," aliniambia. "Cha Patrisi bado. Yeye yuko hai."

Alifundisha miaka ishirini na minne. Kila likizo alijenga: nyumba yake, choo cha shangazi yake, tangi la maji la jirani. Mwaka 2001, akiwa na miaka arobaini na sita, aliandika barua ya kuacha kazi. Mume wake alikaa siku mbili bila kumsemesha, siku ya tatu akamnunulia ngazi.

Patrisi alipopata habari, alimpigia kelele mnadani mbele za watu. "Mwalimu! Ukuta haufutwi kwa dasta, eh! Nyumba ya mwanamke, nyufa zinahamia kabla ya mwenyewe!"

Watu waliokuwa wakifikiria kumpa kazi wakarudi nyuma. Miezi minane tulijenga mabanda ya nguruwe tu. Bila nyumba moja ya mjini ambayo watu wataiona, angebakia kwenye mabanda hayo hayo, na Patrisi angekuwa amemshinda mara ya pili. Alilijua hilo, na lilimkosesha raha ya chakula.

Wakati huo Mama Godson, mfanyabiashara kutoka Marangu, alikuwa akijenga gesti ya watalii kwenye barabara ya kwenda kreta, wanakoangalia wanyama. Wageni wanapenda sebule yenye moto wa ukutani, na Karatu mwezi wa saba baridi inauma. Kazi alipewa Patrisi. Siku moja mwezi wa pili tulipita pale, Clara akasimama akaliangalia bomba la moshi kwa muda mrefu.

"Kuna nini, mwalimu?"

"Bomba limeishia chini ya mgongo wa paa, pale juu mabati yanapokutana. Upepo wa mlimani ukianza, utarudisha moshi wote sebuleni."

"Basi tumwambie Mama Godson."

"Nyamaza, mwanangu. Acha amalize. Acha apake na rangi."

Niliogopa kidogo, maana alikuwa anatabasamu.

Patrisi aliujaribu moto wake kwa magunzi ya mahindi, kama tunavyowasha sisi majumbani, mchana wa jua, upepo hakuna. Magunzi makavu yakawaka vizuri, moshi hata hukuuona. Akapigiwa makofi.

Mwezi wa saba wakaja wageni wa kwanza. Ukungu ulikuwa umeshuka, upepo unapiga mabati, na motoni yaliwekwa magogo. Wageni walitoka nje na mablanketi yao, wanakohoa. Patrisi akasema ni kuni mbichi. Kesho yake ikawa vile vile. Siku ya tatu Mama Godson akaja kwa Clara, macho mekundu.

"Mwalimu, nisaidie. Wanataka kuhama."

"Nitakuja. Ila Patrisi awepo na mafundi wake wote. Asipokuwepo, nageuza."

Tuliwakuta wote sebuleni, kuta zimeshakuwa nyeusi. Clara hakugusa kitu.

"Patrisi, njoo simama mbele. Mgongo wa paa na mdomo wa bomba, kipi kiko juu?"

"Dada, haya si tuongee pembeni..."

"Nimeuliza swali. Jibu kwa sentensi kamili."

Vibarua wakaanza kuminya vicheko. Patrisi akaangalia chini. "Mgongo wa paa uko juu kuliko mdomo wa bomba."

"Sauti! Wa nyuma hawakusikia."

Akarudia, shingo imejaa jasho katika baridi ile. Nilicheka na mimi, na sijutii.

Tulilipandisha bomba futi nne, tukalibana koo lake pale moshi unapoingilia, na magogo yale yale yakawaka pasipo mtu kukohoa. Mwaka haujaisha, Clara alikuwa amejenga sebule tatu zenye moto wa ukutani mjini. Patrisi kila alikopita watoto walimzomea, "Sentensi kamili!" Kazi zikamkimbia. Asubuhi moja alikuja tulipokuwa tunajenga, kofia mkononi.

"Dada, umenipiga vya kutosha. Usiwasimulie tena watu."

"Nani anasimulia? Kiraka cha bomba kinaonekana barabarani."

"Nina watoto, dada."

"Uwasalimie."

Hakumtazama tena. Baada ya mwezi tukasikia amehamia Endabash. Siku hiyo nilikuwa nimekaa juu ya matofali nanyonyesha, na huruma ikanishika.

"Mwalimu, ameshakimbia. Si tumwache sasa?"

"Anafanya nini huko?"

"Anajenga nyumba ya mwenye duka mmoja. Wanasema wanataka na moto wa ukutani."

Clara aliusuuza mwiko wake kwenye ndoo, akaukausha kwa kanga.

"Endabash kuna upepo?"

"Upo."

"Basi Jumatatu twende tukaione hiyo nyumba."

Jumatatu nilimfunga mtoto mgongoni, nikabeba ndoo na chepe, tukapanda lori.