Mashine Iliyokula Visa za Madereva

Kwenye lango la magofu, walisema, kuna mashine ambayo kazi yake ni moja tu: kula visa za madereva. Mtalii akipita, inanyamaza. Dereva akipita, inafumbua jicho jekundu, inasoma kitambulisho chake humohumo mfukoni, na kabla hajaliona jiwe la kwanza, visa imeshajifuta. Jioni hiyohiyo simu inalia: yalla, twende uwanja wa ndege.

Niliamini kuliko nilivyowahi kuamini hesabu. Habari hiyo niliipatia chumbani kwetu mtaani Karama, ambako tulirundikana madereva wengi hata mende wakawa wanaingia kwa zamu. Aliyeileta ni Mtanzania mmoja aliyetutangulia sote Dubai, tukimwita Mzee wa Chumba kwa heshima ya mkoromo wake.

"Mkenya mwenzako," aliniambia, "alivuka lile lango na soda mkononi. Ndugu yangu, alifika kwao soda bado ya baridi!"

Basi kwa miaka miwili niliwapeleka wageni kwenye magofu yale, mwendo kidogo nje ya Dubai, na sikuyaona hata siku moja. Hapakuwa mji wa Wagiriki, hapana, lakini katika enzi zao biashara yao ilifika hapo, na mitungi yao imefukuliwa mchangani. Na mimi ni mhitimu wa ngumbaru! Mchana nilibeba magunia ya viazi sokoni, jioni naketi darasani na ndevu zangu, na somo la Wagiriki wa kale lilipofika nilinyoosha mkono hadi mwalimu akaniomba niupumzishe. Leo wamo nyuma ya ukuta, nami niko kwenye maegesho, injini inanguruma, maana kampuni ilitaka mgeni akirudi akute gari la baridi. Haja ndogo niliibana mpaka nikawa naona nyota adhuhuri.

Siku yenyewe nilimchukua mgeni mmoja tu, huko mtaa wa Al Twar. Alikuwa bibi wa Kigiriki, mfupi, mwenye fimbo na goti bovu, aliyekuja kumtembelea mjukuu wake anayefanya kazi ofisini karibu na uwanja wa ndege. Mjukuu ndiye aliyemkodia gari kwa siku nzima, kisha kazi ikamng'ang'ania, bibi akaja peke yake.

Tulianzia pwani. Akavua viatu, akasimama majini kando ya mikoko, akiwatazama ndege wa pinki kama mtu anayewakagua.

"Bahari yenu ni ya moto kama supu," akasema.

"Madam, hii ni ya asubuhi. Mchana samaki wanatoka wameshaiva."

Akacheka hadi fimbo ikamponyoka. Tukala shawarma tukiwa tumeketi ukutani, naye akaniambia alichokifuata. Ndani ya magofu kumewekwa shikio la mtungi wa divai uliotoka kisiwani kwao, lenye muhuri wa ua la waridi. Nyanyake alikuwa akivifukua vipande kama hivyo shambani, akivitupa nje ya ua kama mawe.

"Nataka kuona hili lililofika mbali kuliko sisi sote," akasema.

Tulipofika, nikamfungulia mlango na kumwonyesha lango. Hakusogea.

"Mkono wako," akasema. "Humo kuna ngazi."

"Madam, dereva haruhusiwi."

"Nani amesema?"

Ningemwelezaje habari za mashine? Toka pale nililiona jicho jekundu likipepesa juu ya mlango. Nikawaza visa yangu, na mama yangu kijijini, aliyekwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe ndiye anayeiendesha Dubai. Kisha nikamtazama yule bibi aliyevuka bahari kuja kuona shikio la mtungi, na goti lake, na hizo ngazi. Miaka miwili nimekaa nje ya somo nililofaulu! Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nimeshaona.

Nikazima injini. Nikachukua ile karatasi ya foili iliyofungia shawarma yangu, nikakifunga kitambulisho changu ndani yake mara tatu, kwa sababu ukaidi ni ukaidi lakini akili nazo ni akili. Nikampa bibi mkono, tukaingia. Jicho likapepesa. Sikugeuka.

Hatujamaliza ngazi, simu ikalia. Msimamizi! Damu ikanishuka hadi kwenye soksi: mashine imeshapeleka habari.

"Uko wapi? Hapa kwenye skrini naona injini imezimwa."

"Niko ndani, sir."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani ya karne ya tatu kabla ya Kristo, sir."

"Rudi kwenye gari. Khalas, yameisha."

"Nitarudi, sir. Baada ya mtungi."

Nikakata mimi. Mimi, niliyekuwa nikimwitikia huyo mtu hata akipiga chafya! Bibi akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia lipo, lakini litangoja maegeshoni kama nilivyongoja mimi.

Lile shikio lilikuwa dogo kuliko kiganja changu, rangi ya ugali wa mtama, na waridi limefifia. Bibi aliweka paji la uso kwenye kioo akasema neno la kwao. Nami nilizunguka kila kaburi na kila ukuta, nikimsimulia vita ambavyo nusu nilivisoma na nusu nilivipika papo hapo, naye akinisahihisha kwa fimbo.

Tukarudi langoni. Palikuwa na mlinzi Mganda kwenye kiti chake, na juu yake jicho jekundu. Sikutaka kutoka kama mwizi. Nikasimama mbele ya ile mashine, nikafungua karatasi ya shawarma, nikainua kitambulisho juu kwa mikono miwili.

"Soma sasa!" nikaiambia. "Soma vizuri! Nimeingia, nimeona, na sijutii!"

Ikafanya *psss*. Uso wangu wote ukanukia waridi.

Mlinzi alinitazama mimi, akaitazama karatasi yenye harufu ya kitunguu saumu, akanitazama tena.

"Kaka," akasema kwa upole, "hicho ni kifaa cha marashi. Kinapuliza mtu akisimama hapo chini. Madereva wote wanaingia. Hata choo chenu kiko humu ndani."