Baiskeli ya Serikali

Mama yangu alikuwa nesi wa pekee katika zahanati moja mbele ya mji wa Mwingi, mahali ambapo vumbi la malori ya mbuzi lilitua juu ya uji wetu kabla ya sukari. Nikiwa darasa la sita, hospitali moja ya kibinafsi Nairobi ilimwandikia kwamba nafasi yake ipo, mradi afike kabla ya mwezi kwisha akiwa na barua ya kuachiliwa na serikali. Aliisoma barua ile mpaka karatasi ikalainika kama kitambaa.

Lakini kuachana na serikali ni kugumu kuliko kuvunja ndoa. Mama mwenyewe aliwasomea wanawake wa kijiji kanuni za kuachiliwa kwenye mkutano wa kuagana: afisa atakuja kutoka Kitui na orodha ya mali ya zahanati, na kila kitu sharti kionekane kwa macho. Kikikosekana kimoja, mtu hatoki. Funguo apewe mlinzi, mpaka nesi mwingine apatikane.

Afisa alifika Jumatatu kwa Landrova. Kitanda cha chuma, kipo. Mizani ya watoto, ipo. Beseni mbili, zipo. Baiskeli moja.

Baiskeli hiyo haikuwa na magurudumu wala mnyororo. Tangu nipate akili ilikuwa imeegemea ukuta wa nyuma, kuku wakilala juu yake. Mama aliwahi kuomba itupwe, akajibiwa kwamba mali ya serikali haitupwi mpaka kamati ya wilaya ije kuitangaza imekufa. Sasa tulizunguka nyuma tukakuta kuku tu, wameduwaa.

Mama alieleza kwamba kilikuwa chuma chakavu. Afisa alimsikiliza kwa huruma.

"Sista, baiskeli iliyokufa naisaini," akasema. "Lakini nionyeshe maiti."

Njia nyingine ilikuwa kuripoti wizi polisi. Mama alikataa; hapakuwa na boma karibu ambamo hakuwa amezalisha mtu. Kwa siku tatu alipita nyumba kwa nyumba. Kila mahali alipewa kiti na kusikitikiwa sana. Mama mmoja alifunua hata sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe yakitokota, ili naye ahakikishe baiskeli haimo.

Siku ya nne alikwenda kwa mwenyekiti wa chama cha wanawake, bibi tuliyemwita mwaitu, yaani mama, sote wakubwa kwa wadogo. Mama hakuzunguka maneno. Aliuliza baiskeli iko wapi.

"Iko salama," mwenyekiti akajibu, akiendelea kusuka kiondo. "Tumeipangusa hata vumbi."

"Mwaitu, mnanikosesha kazi."

"Kwenda hatukukatazi. Lakini mlinzi atamzalisha nani? Anazimia akiona kuku akichinjwa. Tulichagua kitu ambacho hakuna mgonjwa atakayekikosa." Akakata uzi kwa meno. "Walete nesi. Siku hiyo hiyo tutaleta baiskeli."

Mama alicheka mpaka akaketi chini, kisha akafuta macho muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Kesho yake alidandia lori hadi Kitui akamweleza afisa sharti hilo. Miaka yote wakazi waliandika kuomba nesi wa pili, wakaambiwa hakuna. Lakini wakaguzi wa Nairobi hawakuwahi kumuuliza afisa juu ya mama mjamzito; juu ya baiskeli wangemuuliza. Baada ya siku sita nesi akapatikana.

Alishuka kwenye Landrova ya afisa akiwa na viatu vya kisigino kirefu, siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Wanawake wakaileta baiskeli mabegani kama bibi harusi, imepakwa mafuta ya kupikia, inang'aa. Afisa akasaini. Mama akapata barua yake, akakumbatiwa mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, na mimi nikapandishwa juu ya magunia yetu ndani ya Landrova.

Landrova ilipokuwa ikikohoa kuwaka, nilimwona mwenyekiti akimshika nesi mpya mkono, akimuuliza habari za safari na za wazazi wake. Kisha akaomba kuonyeshwa ile orodha.

"Tuisome pamoja, sista," akamwambia. "Polepole."