Mfereji Mwekundu

Juzi fundi alikuja kubadilisha hita ya maji ya kuogea katika chumba nilichopanga Al Khoudh. Ile ya zamani ilitoa harufu ya kutu na maji yaliyolala, nikamkumbuka shangazi.

Nilipelekwa kwake Sidab baada ya mama kufariki. Mchana mmoja wa joto kali aliniita kutoka jikoni: "Nenda kaoge, mwanangu. Fungua mfereji mwekundu, wa buluu usiuguse!"

Nilijua nyekundu ni maji ya moto. Nikaamini hanitaki, anataka niungue. Nikafungua wa buluu. Maji yakanichoma mkono, nikalia polepole nisisikike.

Alinisikia. Akaingia, akafungua mwekundu, akanishika mkono akautia chini ya maji. Yalikuwa baridi.

"We mtoto mbishi! Wa buluu unatoka tangini, na tangi liko juu ya paa, jua linalipika. Hita nimeizima tangu jana, maji yake yapoe humu ndani. Nimekuwekea wewe."

Mimi nilisikia ugomvi tu.

Fundi alipoondoka niliizima hita mpya. Siku ya pili nikafungua mfereji mwekundu, maji yakatoka baridi. Nikasimama pale, sina wa kumwita aje kuoga.