Kifundo cha Mguu wa Emiliana

Emiliana ni fundi cherehani wa hapa Ilongero, na kama una mtoto anayesoma shule yoyote ya karibu, basi sketi au kaptula aliyovaa imepita mikononi mwake. Ni Mnyiramba wa Mkalama aliyeolewa kwetu Unyaturu, mrefu, mkavu wa maneno. Ukimpelekea kitambaa kibovu atakwambia ni kibovu, hata kama wewe ni mke wa mchungaji. Mimi ni jirani yake, Febronia, nauza mafuta ya alizeti chumba cha pili, na miaka yote hii nimekuwa nikisikia cherehani yake kupitia ukutani. Ikinyamaza katikati ya asubuhi nilikuwa najua mguu umeanza.

Ni mguu wa kulia. Uliumia zamani, pikipiki ilipoteleza kwenye mchanga njia ya mjini ikamlalia. Hospitali walimfunga plasta, lakini alizeti zilikuwa zimekauka shambani na ndege wanazimaliza, naye si mtu wa kukaa. Akailoweka ile plasta kwenye beseni, akaikata kwa mkasi wake wa kazi, akaingia kuvuna. Mfupa uliunga, ila uliunga upande. Tangu hapo kifundo kikawa kinasagika ndani kwa ndani, mwaka hadi mwaka, mpaka ikafika mahali anashuka kitandani kwa kushika ukuta. Ukimwuliza, anasema ni baridi tu. Nilikuwa nakasirika sana akisema hivyo.

Mwaka huu akasalimu amri. Nilimsindikiza mimi, kwa sababu mumewe Philipo ni mwashi, anajenga huko Mandewa na hurudi nyumbani mwisho wa juma tu. Daktari wa mifupa alituonyesha picha. Pale kwenye kifundo, mahali mifupa inapotakiwa kuachiana nafasi, hapakuwa na nafasi tena. Akasema atakwangua palipoharibika, ataibana mifupa pamoja kwa skrubu, nayo itaungana iwe mfupa mmoja. Maumivu yataisha. Lakini kifundo hakitakunjika tena, si juu wala chini, maisha yake yote.

Emiliana aliuliza swali moja tu, kama atashona. Daktari akasema atashona, atakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, au atafunga mota. Kisha akavua miwani na kusema jambo ambalo mpaka leo linanisumbua. Alisema skrubu kazi yake ni kushikilia tu, kinachounga ni mfupa wenyewe, na mfupa hauungi ukichezwachezwa. Ukiachia, itabidi kurudia, na kurudia ni kugumu kuliko mwanzo. Wadudu nao wakipata njia ya kuingia mle ndani, basi. Hakumalizia kwa maneno. Aliweka kiganja chini ya goti lake mwenyewe, kama mtu anayepima urefu wa sketi, akatuonyesha mahali ambapo angekata.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alirudi na plasta mpya na magongo, tukamlaza chumba cha mbele, mguu juu ya mito, na mimi nikajisemea kwamba safari hii mkasi nitauficha mwenyewe. Kumbe nilikuwa naangalia mlango ambao mwizi hapiti.

Mama mkwe wake alikuja kutoka Mgori kumuuguza. Anaitwa mama Magreth, mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye mikono mipana. Siwezi kumsema vibaya na sitamsema. Upande ule wa Mgori, mtoto akiteguka mkono anapelekwa kwake kabla ya zahanati, na watu wazima wengi wanaotembea wamenyooka leo, wamenyooshwa naye. Kiswahili chake ni cha kutafuta, kwa hiyo nyumbani anaongea Kinyaturu na Emiliana anamjibu kwa Kiswahili, na wanaelewana.

Huku kwetu mwanamke akijifungua, mkwe wake ndiye humkanda. Ni maji ya moto, kitambaa na mikono, asubuhi na jioni, mpaka mwili urudi mahali pake. Emiliana alipojifungua mtoto wao Christopher alitoka damu mpaka wanawake wakaanza kunong'ona. Mama yake mzazi alikwisha kufa. Aliyemshika, akamkanda, akamlisha uji kwa kijiko na kulala chini karibu na kitanda chake, alikuwa mama Magreth. Kwa hiyo mama huyu akisema leta nikukande, Emiliana hana mdomo wa kukataa. Mimi pia nisingekuwa nao.

Mwanzoni hapakuwa na la kukanda, plasta ilikuwa imeziba kila kitu. Nilikuwa na amani. Kisha siku ya kliniki ikafika, wakaitoa, wakampa buti la plastiki la kufunga na mikanda, ambalo angeruhusiwa kulivua wakati wa kuoga tu. Picha ilionyesha mfupa umeanza kuunga. Umeanza, daktari alilirudia hilo neno. Tukarudi nyumbani, Emiliana akaomba maji ya kuoga, akafungua mikanda, na mama Magreth akauona mguu kwa mara ya kwanza.

Nilikuwepo. Mguu ulikuwa mwembamba, ngozi imekauka, kovu jekundu pembeni. Mama Magreth aliushika kisigino kwa kiganja kimoja, taratibu, akajaribu kuinua unyayo kwa vidole. Haukuinuka. Akamtazama Emiliana kwa huruma hata nikaogopa. Halafu akatoka nje, na nilipotoka nyuma yake nilimkuta amechutama jikoni, anapasha samli.

Nilimwambia pale pale. Nilimwamkia upya, ili ajue nasema jambo zito, nikamweleza kwa Kinyaturu kwamba mguu ule hautakiwi kulainika, kwamba daktari ameugandisha makusudi, na ukikunjwa sasa utaharibika moja kwa moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Mwanangu," alisema, "mguu unaotoka kwenye plasta huwa mgumu. Kila mguu. Hakuna daktari anayemfanya mtu kilema makusudi."

Tukarudi ndani, nikamwomba Emiliana ashuhudie. Emiliana akasema ni kweli, mama, ndivyo alivyosema daktari, hautakunjika tena. Mama Magreth akamshika shavu, akamwambia asikate tamaa. Wagonjwa wengi husema hivyo, aliniambia baadaye, nisitilie maanani.

Nilimpigia simu Philipo. Nilitaka kujua yeye alimwambia nini mama yake tangu mwanzo. Akasema alimwambia mguu usikanyagwe. Na kwamba hautakunjika? Akakiri kwamba hilo hakulisema. Mama angeuliza ni mume gani anakubali mkewe akafanywe kiwete. Akaahidi kulisema akija Jumamosi. Jumamosi alikuja, akala na mama yake, wakacheka habari za Mgori, na nilichokisikia kupitia ukuta ni, "Mama, uwe mwangalifu na huo mguu." Mama yake akajibu kwamba alikuwa mwangalifu na miguu kabla yeye hajazaliwa. Jumatatu Philipo akarudi Mandewa. Nilimtukana moyoni njia nzima mpaka lami.

Basi kukanda kukaanza. Emiliana alikuwa amepiga hesabu zake. Kukataa kabisa asingeweza, kwa hiyo akaomba akandwe goti tu, kwa sababu goti lilikuwa linakaza kwa kulala. Goti halina neno. Mama Magreth akakanda goti, na nikiri kweli, Emiliana akapata usingizi wa kwanza wa maana tangu upasuaji. Siku zilizofuata mikono ikashuka kwenye shavu la mguu. Hapo pia hapana neno, nilijiambia. Kila nilipopita kumjulia hali niliangalia mikono ile imefika wapi, mizuri, inang'aa samli, inazunguka polepole huku mwenyewe akihadithia vituko vya shemeji zake, na kila mara niliikuta imeshuka kidogo. Buti likawa linavuliwa mapema na kurudishwa kwa kuchelewa. Siku moja nililikuta limesimamishwa mlangoni pamoja na ndala, kama kiatu cha mgeni.

Nilimsema Emiliana, mama mkwe alipokwenda kuteka maji. Nilimsema kwa ukali. Nilimwuliza kama amesahau kiganja cha yule daktari kilipokaa.

Alikuwa anatazama cherehani yake pale kona, imefunikwa kitenge. Akaniambia kwamba mikono ya mama ikiwa pale, mguu hauumi, na ni saa hiyo peke yake katika siku nzima ambapo hauumi. Akasema pia jambo jingine, ambalo hakulisema kwa daktari wala kwa mumewe. Mguu wa kushoto ni mjinga, hajui kuufundisha. Mshono wake wote uko kwenye ule wa kulia, ndio unaojua wakati wa kuharakisha na wakati wa kukawia. Kuna nyakati, akilala pale, anawaza labda daktari amekosea, labda mama ndiye anayejua. Nikamwambia aache upuuzi. Akasema anajua ni upuuzi.

Nilitoka na roho juu. Nilimwomba Mungu kliniki nyingine ifike haraka, wapige picha, waseme umeunga, tupumue.

Siku ile nilikuwa nimepeleka alizeti mashineni kukamua. Foleni ilikuwa ndefu, jua la saa sita limesimama, na nilipokuwa narudi na madumu yangu nilisikia vigelegele. Vilitoka nyumbani kwa Emiliana. Wanawake wa jirani walikuwa wameanza kujaa uani, wengine wanaitikia bila kujua sababu, kama ilivyo kawaida yetu. Niliyaacha madumu njiani.

Mama Magreth alinipokea mlangoni. Jasho lilikuwa linamtoka na machozi pia. Alinivuta mkono mpaka kitandani, akaushika mguu kwa kisigino, akainua unyayo kwa vidole na kuushusha. Uliinuka, ukashuka. Nyuma yetu wanawake wakapiga vigelegele tena. Akaniambia kwa Kinyaturu kwamba leo umekubali, kwamba alijua tu utakubali. Akatoka kuwaambia waliochelewa.

Nilifunga mlango. Emiliana alikuwa amelala chali, midomo imekuwa ya kijivu. Nilipouweka mkono juu ya kovu, ngozi ilikuwa ya moto.

"Nilisikia kitu kimeachia ndani," alisema. "Sikupiga kelele. Ulipokunjika, Febronia, nilifurahi. Kidogo hivi. Halafu nikakumbuka."

Nililia. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na Philipo na ulimi wake mzito, na mimi na ukali wangu usiosaidia kitu, na hata yule mama aliyekuwa anacheza uani. Nikasema naenda kumwambia sasa hivi alichofanya. Emiliana alinishika kitenge.

"Usimwambie. Sasa wala baadaye. Tukifika hospitali nitasema niliteleza na magongo." Akapumua. "Ataishi vipi akijua?"

Niliahidi. Nisingeweza kufanya vingine.

Jioni mguu ulikuwa umevimba mpaka mikanda ya buti haifiki, na Emiliana anatetemeka ndani ya blanketi mbili. Mama Magreth hakuogopa sana. Alisema mguu ukifunguka huwa unachemka kidogo, utatulia. Mimi nilimpigia Philipo, nikamwambia kesho atukute hospitali, na sikumpa nafasi ya kuuliza. Asubuhi nikatafuta gari, Noah ya kukodi. Tulipombeba Emiliana kumtoa nje, tukamkuta mama Magreth amesimama kando ya gari, ameoga, amevaa gauni lake la kanisani na kilemba kipya. Alisema naye anakwenda. Nilimtazama Emiliana, Emiliana akatazama chini. Hakuna aliyepata sababu ya kumwambia abaki.

Alikaa nyuma na mkwe wake, akaupakata mguu mapajani ili usirushwe na mashimo. Tulipita mashamba ya uwele, mengine yamekwisha kuvunwa. Baada ya muda akaninong'oneza kwa Kinyaturu kwamba madaktari wanaongea Kiswahili cha haraka, naye hataki kuaibika mbele yao. Aliomba nimfundishe sentensi moja aiseme vizuri. Alitaka daktari ajue kwamba aliuacha mguu mgumu kama mti, na kwamba aliyeukunja ni mama mkwe, kwa mikono yake.

Nikamfundisha. Aliirudia polepole, akijikwaa, akaanza tena, mpaka tulipoanza kuona nyumba za mjini akawa anaisema imenyooka: "Daktari, mguu huu nimeukunja mimi." Emiliana alikuwa ameegemea bega lake, amefumba macho, na hakuwa amelala.