Ungo Kwenye Baraza la Maktaba

Ule ndio mwaka tulioanza kuusahau unga wa njano wa msaada. Mkate ulikuwa umerudi madukani, vitumbua vimerudi kuwa na sukari ya kueleweka, na mchele umejaa Temeke nzima, ila mchele wenyewe ulikuwa na mawe ya kujengea choo. Wa rika langu mnaukumbuka. Ukipika bila kuchambua, umevunja watu meno.

Maktaba yetu ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, na baraza pana la saruji lenye kivuli tangu adhuhuri. Kina mama walikuja na nyungo zao, wakakaa kuchambua. Na palikuwa na desturi: mtoto haondoki na kitabu mpaka awasomee kina mama ukurasa mmoja kwa sauti. Mwenye kigugumizi, mwenye makamasi, wote. Ukibabaika, jirani yetu Mama Zaituni anakuuliza, "Mwanangu, unasoma au unatafuna?" Baraza zima linacheka, unarudia.

Mama yangu hakujua hata a. Lakini hadithi alizishika kuliko sisi. Mtoto wa leo akiishia hapa, wa kesho anaambiwa, "Endelea pale mjane alipofungiwa mlango." Mie shule niliishia la nne. Kusoma nilijifunzia pale barazani, si darasani.

Halafu wakaja watu wa ukarabati. Wakati huo kila ukuta mjini ulikuwa unatobolewa uwe duka. Wakasema maktaba inatengenezwa iwafae wananchi. Ndani wakapaka rangi na kubandika KIMYA, na baraza wakaamua kulijengea fremu za biashara: moja ya mitumba, moja ya kuonyesha video. Hao wananchi ni kina nani, kama mama yangu hakuwemo?

Siku ya kuanza kujenga, msimamizi alimkuta mama barazani na ungo wake, akamwambia ainuke. Mama hakunyanyua hata macho.

"Siinuki. Mchele haujaisha, na kitabu hakijaisha."

Waliuchukua ungo wakauweka barabarani. Maktaba ilipofunguliwa, kitabu kile hakikuonekana tena. Mjane wa watu tulimwacha amefungiwa. Mama amekufa hajui kama alitoka.

Sasa wanakarabati tena. Fremu wamezibomoa, baraza limetokeza, saruji ileile. Nikafurahi, mjinga mie. Kumbe wanalizungushia vioo liwe mahali pa kuchajia simu. Kijana mwenye ramani ananiambia, "Shikamoo bibi. Siku hizi watu wanasoma kimyakimya." Nawaona. Mjukuu wangu Saumu anasoma simu huku anacheka peke yake kama aliyepandisha majini. Ukimuuliza unacheka nini, "Bibi, huwezi kuelewa." Sie tulichokisoma ulikielewa mtaa mzima.

Jana nikabeba ungo na mchele wa dukani, mweupe, hauna jiwe hata la dawa. Nikakaa palepale pa mama. Saumu nikamkalisha na kitabu, nikamwambia atoe sauti.

"Bibi, wanatuangalia."

"Waache waangalie. Soma."

Akababaika. Nikamuuliza anasoma au anatafuna. Mafundi wakacheka, wakaweka koleo chini, wakasogea kusikiliza. Ndipo kijana wa ramani akaja na futi yake mkononi.

"Bibi, tunaomba uinuke kidogo, tupime."

Mie nikaendelea kuchambua mchele usio na mawe.

"Siinuki. Mchele haujaisha, na kitabu hakijaisha."