Kofia ya Kabanga

Mafuta ya kuzuia jua yananuka nazi iliyochanganyika na hospitali. Juzi, katika duka la dawa la mjini, muuzaji alinipaka tone moja mkononi nijaribu, na papo hapo nikajikuta mtoto tena, uani kwetu katika komini ya Kenya, si ile nchi bali mtaa mmoja wa mji wetu, nimeinamisha shingo, vidole vya mama vikipita nyuma ya masikio yangu.

Nilizaliwa na ualbino. Pacha wangu alizaliwa mweusi wa kung'aa kama baba. Kwetu sisi watu wa Kasai, mapacha huja na majina yao: wa kwanza ni Mbuyi, ndiye mimi, na wa pili ni Kabanga. Huja na sheria zao pia. Bibi yetu mzaa baba, tuliyemwita Kaku, hakuchoka kuikumbusha nyumba nzima: "Mapasa ni sawasawa. Ukipatia mumoya, patia na mwenzake. Kama hapana, utaona." Tungeona nini, hakusema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Basi daktari alipoagiza nivae mikono mirefu na kofia pana mwaka mzima, mama, ambaye alikuwa fundi wa kushona, alikata kila kitambaa mara mbili. Gauni mbili, kofia mbili. Mafuta tu ndiyo hayakugawanywa. Tyubu ilikuwa ndogo, na Kabanga hakuyahitaji.

Mtadhani nilifurahi kuwa na mwenzangu wa kuchekwa naye njiani. Wapi! Nilikuwa na wivu. Kwa Kabanga kofia ilikuwa mchezo. Mama akigeuka, inavuliwa, inakuwa mpira, inakuwa kikapu cha mapera. Mikono ya gauni inapandishwa hadi mabegani. Jua la mwezi wa kumi, lile la kabla ya mvua, linalofanya mabati yalie ta! ta! juu ya vichwa vya watu, lilimmwagikia kama maji ya kuoga, naye akazidi kung'aa tu. Mimi nikisahau kofia kwa kuvuka barabara tu, shingo yangu iliwaka mpaka nalala kifudifudi. Nilikuwa nikimtazama kutoka kivulini akiruka kamba, nikimwombea kwa Mungu lengelenge moja. Dogo tu.

Mwaka mmoja, kwa sikukuu ya parokia, tulichaguliwa sote wawili kuwa joyeuses, wale wasichana wadogo wanaocheza mbele ya altare. Misa ingesomwa uwanjani. Gauni zilikuwa nyeupe, bila mikono, na kichwa wazi.

"Mbuyi hapana," mama alimwambia mtawa aliyetufundisha. "Jua itamuunguza. Kabanga, ye anaweza."

Kaku akaruka kwenye kiti chake. "Na mapasa?"

"Mama, jua haijue mapasa," mama alimjibu mkwe wake kwa upole, na mambo yakaishia hapo.

Nililia mpaka kwikwi. Kabanga akaendelea na mazoezi, na kwa kuwa hakuna aliyemshinda kucheza, mtawa akamweka mbele kabisa ya mstari. Kila jioni nilisikia nyayo zake zikipiga udongo wa ua. Hatua zote nilizijua kwa masikio.

Siku ya misa niliketishwa chini ya turubai kati ya mama na Kaku, pamoja na wanawake wa parokia, nimepakwa mafuta hadi kwenye nyusi. Ngoma zikaanza. Wasichana wakaingia, weupe mtupu, na wa kwanza hakuwa Kabanga. Nilimtafuta mstari mzima. Alikuwa wa mwisho kabisa, amevaa blauzi ya mikono mirefu chini ya gauni, na kichwani ile kofia yake pana, ndugu ya kofia yangu. Watu wakaanza kucheka. Mwanamume mmoja nyuma yetu akauliza, "Ule mutoto iko mugonjwa?"

Mimi nilijua jibu: ananidhihaki. Yeye asiyeivaa kofia hata siku moja, leo ameivaa mbele ya parokia nzima! Amepewa jua lote, sasa anachukua na kivuli. Jioni hiyo sikula naye sahani moja. Alikuwa akijikuna tu shingo iliyoloa jasho.

Mwezi uliopita mama, ambaye sasa ninaishi naye, alikuwa jikoni akichagua maharagwe, akaikumbuka sikukuu ile. "Ma sœur, ule mtawa wenu, alimwambia Kabanga: toa kofia, ao enda nyuma. Akaenda nyuma."

Miaka yote hiyo! Kumbe aliacha nafasi ya kwanza ili afanane nami. Nikampigia palepale, huko Sakania alikoolewa, machozi yakiwa tayari, nikamshukuru.

Alicheka mpaka simu ikakwaruza.

"Juu yako? Hapana, Mbuyi. Ilikuwa wivu. Kila asubui mama alikuwa anakupaka mafuta, masikio, shingo, vidole, anakuimbia. Miye, ananipatia kofia: enda kucheza. Ile siku nilisema, nikivaa bintu yote mu jua kali, ataogopa na juu yangu. Ataniita."

"Alikuita?"

"Alikuwa anakuangalia weye."

Utotoni nilikuwa bingwa wa kuona alichopewa Kabanga, jua, kamba, barabara yote. Zile asubuhi za uani sikuwahi kuzidhania kuwa kitu. Nilidhani ni dawa. Pengine hata mama alidhani hivyo, maana mtoto anayeungua humaliza macho yote ya mzazi, na yule asiyeungua huonekana mzima.

"Ni nani?" mama aliuliza, bado ameinamia maharagwe.

Nikamwondolea ungo mapajani, nikamshikisha simu.

"Ni Kabanga," nikasema. "Ongea naye. Usimpe habari zangu, muulize zake."