Nguvu za Mara ya Pili

Mama Pazia alimwangusha mumewe mara moja tu, na mara hiyo moja ikawatosha watu wa nyumba yake kumwona hafai.

Kabla ya hapo alikuwa mshonaji mapazia, fundi ambaye wateja walimsamehe ulimi wake kwa sababu ya mkono wake. Mumewe alikuwa seremala, pandikizi la mtu, mpaka kiharusi kilipompoozesha upande wa kulia na kumfunga kinywa. Mama Pazia hakulia kwa majirani. Aliihamishia cherehani chumba cha kulala, karibu na dirisha, akampa mzee kazi ya kupachika kulabu kwenye utepe wa mapazia kwa mkono wa kushoto uliobaki mzima. Asubuhi alimtoa kitandani akamweka kwenye kiti, jioni akamrudisha. Siku alipomwangusha, alimkalisha vizuri kwanza, lakini mzee akateleza, naye akamdaka na kumnyanyua tena papo hapo. Mikono ikagoma. Wakaenda chini wote wawili, mzee akapasuka nyusi.

Kesho yake alifika kifunguamimba wao, na pamoja naye dada wa mzee, wifi yake Mama Pazia, mwanamke ambaye neno halijawahi kulala tumboni mwake.

"Mama, umri umekwenda," kijana alisema. "Baba atakaa kwangu. Nitamtafutia mtu wa kumwangalia."

Kwake ni mji mwingine kabisa. "Na mimi?"

"Utakuwa unakuja kumtembelea."

Kumtembelea! Mume aliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana, leo akamtembelee kama mgonjwa wa wodini. Mama Pazia aliwaomba miezi mitatu. Wakampa, kwa kuwa walikuwa na hakika haitamsaidia kitu.

Alichofanya asubuhi iliyofuata hakikuwa cha mwanamke wa rika lake, na ndiyo maana nampenda. Alimwomba jirani amkalie mzee, akaingia kwenye jimu nyuma ya gereji, ambako vyuma vingine ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Vijana wenye vifua wakaangua kicheko.

"Bibi, umepotea. Kliniki iko ng'ambo ya barabara."

"Kliniki mtakwenda ninyi, hizo nondo zikiwaangukia. Kocha yuko wapi?"

Kocha alikuwa mnyanyua vyuma wa zamani, shingo nene, maneno machache. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu. "Ulimnyanyua, halafu ukamnyanyua tena hapo hapo, bila kupumzika?"

"Ndiyo."

"Basi usiubebeshe uzee lawama zote, mama. Kunyanyua mtu ni kazi ya sekunde chache. Sekunde hizo misuli haina nafasi ya kungoja pumzi wala chakula ulichokula. Inachota kwenye akiba yake ya haraka, na kinachoishika akiba hiyo kinaitwa kreatini. Mwili unaitengeneza wenyewe, na nyingine unaipata kwenye nyama na samaki. Lakini ni akiba ndogo, inakwisha upesi. Ukitulia dakika chache, inajaa tena. Ukilazimisha kabla haijajaa, mikono inakutupa."

"Inaweza kuongezwa?"

"Kiasi. Ipo ya unga. Ila unga bila mazoezi ni kazi bure, na huugusi mpaka daktari akupime figo."

Daktari akapima, akasema figo hazina neno. Mama Pazia akaanza kazi. Alichuchumaa na kuinuka na ndoo ya mchanga kifuani mpaka magoti yakamlaani. Kila asubuhi alikoroga kijiko kidogo cha unga kwenye glasi ya maji, akanywa, akarudi kwenye cherehani yake. Kocha alimfundisha pia kupanga miguu, na kumwachia mzee afanye sehemu yake. Hilo la mwisho ndilo lililomgharimu zaidi, maana alizoea kufanya kila kitu peke yake.

Siku moja wifi alikuja kusabahi, na kusabahi kwake ni kupekua. Akalikuta kopo nyuma ya nyuzi.

"Unga mweupe! Mke wa kaka yangu anavuta unga!"

"Sivuti, wifi. Nakoroga na maji nakunywa. Nikukorogee?"

Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Mama Pazia akavaa miwani ya mbao na kuendelea kuchuchumaa.

Siku ya ahadi ilifika. Kifunguamimba alikuja na gari la kukodi, wifi akalifunga sanduku la mzee na kulipeleka garini hata kabla ya salamu kwisha.

"Haya mama," kijana alisema. "Mnyanyue tuone."

Mama Pazia alipanga miguu, akauweka mkono mzima wa mumewe begani kwake. "Twende, baba watoto." Mzee akasukuma kwa mguu wake wa kushoto, mkewe akavuta, wakainuka pamoja. Akaketi kitini salama.

Wifi hakukubali. "Hata siku ile mara ya kwanza alimwinua vizuri. Amrudishe kitandani!"

"Kweli," kijana akasema. "Mrudishe, mama. Sasa hivi."

Mama Pazia akavuta stuli, akaketi.

"Nini tena?"

"Napumzika."

"Mmeona! Amechoka!" wifi akadakia.

"Nimechoka, ndiyo. Nani alikudanganya kwamba mwenye nguvu hachoki?"

Akanywa maji taratibu. Alikuwa na hofu, nisikufiche. Akikosea sasa, usiku wa leo angelala na mto. Lakini hofu hiyo ndiyo iliyomkalisha pale. Mzee naye alichukua utepe wake, akapachika kulabu moja, akapachika nyingine. Nje dereva alipiga honi.

"Mama, gari linasubiri."

"Lisubiri."

Kijana akachoka, akamwendea baba yake na kumshika kwapani. Mzee akamsukuma kifuani kwa mkono wa kushoto, ule ule wa randa na nyundo, kijana akarudi nyuma.

"Umejibiwa," alisema Mama Pazia. "Kaa."

Akakaa. Hata wifi akakaa, na hilo nalo si jambo dogo. Mama Pazia alingoja mpaka akahisi nguvu zimerudi mikononi. Akasimama, akapanga miguu. "Twende, baba watoto." Wakainuka, wakageuka kidogo kidogo, na mzee akatua kitandani polepole, bila kishindo.

Mama Pazia akamfunika miguu, akamgeukia kifunguamimba wake.

"Nenda garini kalete sanduku la baba yako," alisema. "Likikulemea, pumzika njiani."